Mnyororo au mafungu? Njia mbili za kueleza mchoro wa kiwanda kwenye IELTS

Wengi wanaojiandaa kwa IELTS Academic, mtihani wa Kiingereza wa kuombea nafasi za masomo na usajili wa kitaaluma, hujiandaa kwa grafu. Wanakariri maneno ya kupanda na kushuka, wanajifunza kulinganisha mwaka mmoja na mwingine, basi. Mchoro wa kiwanda ukija kwenye swali la kwanza la kuandika, hayo yote hayasaidii. Kuna mishale, mapipa, matanuri na mikanda ya kusafirishia, na mara nyingi hakuna takwimu ya maana ya kulinganisha. Unatakiwa uandike maneno yasiyopungua 150, kwa muda unaoshauriwa wa dakika 20.

Zipo njia kuu mbili za kuuandika mchoro huo. Ya kwanza naiita mnyororo: unaanza kwenye mshale wa kwanza na kutaja hatua moja baada ya nyingine mpaka bidhaa iingie kwenye gunia. Ya pili naiita mafungu: kabla ya kuandika chochote unagawa hatua zote katika mafungu mawili au matatu, kila fungu na kazi yake, kisha unaandika fungu kwa fungu. Zote mbili zinafuata mpangilio wa mchoro, na zote mbili zinaweza kutoa Kiingereza sahihi. Zinatofautiana katika kile anachokiona msahihishaji, na katika makosa zinayokusukumia kuyafanya.

Msimamo wangu nautoa mapema. Anayehitaji bendi (yaani daraja la alama za IELTS) ya 6.5 au zaidi ajifunze mafungu. Ambaye Kiingereza chake bado kinayumba na mtihani uko karibu ashike mnyororo, ila autangulize na muhtasari. Nitaeleza kwa nini.

Mchoro mmoja, maandishi mawili

Tuchukue chai nyeusi, maana msomaji wa Kericho, Mufindi au Rungwe anaijua bila kuelezwa. Mchoro wetu uwe na hatua hizi: majani yanachumwa kwa mkono, yanapelekwa kiwandani na kupimwa, yanatandazwa ili yanyauke kwa saa 12 hadi 18, yanapitishwa kwenye rola za kuyakatakata, yanaachwa yachachuke kwa kama saa moja, yanakaushwa kwa hewa ya moto, chai inachambuliwa kwa madaraja, mwisho inafungwa kwenye magunia.

Mwandishi wa mnyororo ataandika hivi:

"First, the tea leaves are picked by hand. Then, they are taken to the factory and weighed. After that, they are spread in troughs and left for 12 to 18 hours. Next, they are cut by rollers. Then, they are left to ferment for about an hour. After that, they are dried with hot air. Then, the dry tea is sorted into grades. Finally, it is packed in sacks."

Mwandishi wa mafungu ataandika hivi:

"The diagram shows how black tea is produced, from the picking of the leaves to the packing of the finished product.

Overall, the process falls into three phases: the fresh leaves are first prepared, then turned into black tea by cutting, fermentation and drying, and finally graded and packed.

Once they have been picked by hand, the leaves are taken to the factory, where they are weighed and spread in troughs to wither for 12 to 18 hours.

The second phase begins when the withered leaves are fed through rollers, which cut them into small particles. These are left to ferment for about an hour before being dried with hot air. In the final phase, the dry tea is sorted into grades, after which it is packed in sacks."

Andiko la kwanza halina kosa hata moja la sarufi. Hilo nalisisitiza kwa sababu wanafunzi wengi hudhani bendi inashuka kwa makosa tu. Lakini hesabu maneno: hayafiki 70. Mwandishi amemaliza mchoro mzima na bado hajafika nusu ya maneno anayodaiwa, na hapo ndipo kishawishi cha kujaza kinapoingia. Ataongeza kwamba chai ni kinywaji kinachopendwa duniani, kwamba mchakato huu ni muhimu kwa uchumi, na mengine ambayo hayamo kwenye mchoro. Andiko la pili lina maneno kama 130, na huu mchoro wetu ni mwepesi. Michoro ya mtihani huwa na vitu vidogo zaidi vya kutaja, kama jina la mashine, umbo la kifaa au mafuta yanayotumika. Ukiviingiza unafika 150 bila kujaza neno tupu.

Msahihishaji anatafuta nini

Swali la kwanza husahihishwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: kutimiza ulichoulizwa, mtiririko na mshikamano, msamiati, na sarufi. Kwenye kila kigezo njia hizi mbili zinaachana, lakini pengo kubwa kuliko yote liko kwenye kile cha kwanza.

Vigezo vilivyochapishwa kwa umma vinaeleza bayana kwamba kwenye bendi 5 mwandishi anasimulia vitu kimakanika kwa sehemu kubwa. Bendi 6 inataka angalau jaribio la muhtasari. Bendi 7 inautaka uwe wazi, unaoonyesha hatua kuu. Kwenye mchoro wa kiwanda, muhtasari ni sentensi moja au mbili zinazomwambia msomaji mchakato una sura gani: una mafungu mangapi, unaanza na nini, unaishia na nini, na kama unakwenda moja kwa moja au unarudi ulikoanzia.

Mnyororo kwa asili yake hauna sentensi hiyo. Unakwenda mbele tu. Kwa hiyo anayeandika kwa mnyororo anaweza kutaja kila kitu kwa usahihi na bado akakwama bendi 5 kwenye kigezo cha kwanza. Anayegawa mafungu, kwa upande mwingine, ameshaupata muhtasari kabla hajaandika neno, kwa kuwa yale majina ya mafungu ndiyo muhtasari wenyewe. Kama ningeruhusiwa sababu moja tu ya kuchagua mafungu, ningetoa hii.

Kwenye mtiririko, tazama jinsi mnyororo ulivyoanza sentensi: First, Then, After that, Next, Then, After that, Then, Finally. Kila sentensi imefungwa kamba shingoni. Vigezo vinasema waziwazi kwamba viunganishi vikitumika kupita kiasi au kimakanika, alama inashuka. Kwenye andiko la pili mpangilio wa wakati unabebwa na sarufi: once they have been, where they are, before being, after which. Msomaji hapotei, na mwandishi ameonyesha sentensi changamano ambazo kigezo cha sarufi kinazitafuta. Kazi moja imelipwa mara mbili.

Kwenye msamiati tofauti ni ndogo, lakini ipo. Mafungu yanakulazimisha utafute majina ya kazi nzima, kama preparation, production, grading, wakati mnyororo unaweza kwenda na vitenzi peke yake.

Pale Kiswahili kinapokusaidia na kinapokuponza

Msemaji wa Kiswahili ana mtaji mkubwa kwenye swali hili, na sioni ukitajwa vya kutosha. Kauli ya kutendwa tunaitumia toka utotoni, na kiambishi "hu-" tunacho kwa ajili ya jambo linalofanyika siku zote. "Majani huchumwa, hupimwa, hukaushwa." Hiyo ndiyo sentensi ya mchoro wa kiwanda: hakuna mtu anayetajwa, hakuna jana wala kesho. Are picked, are weighed, are dried. Mwanafunzi anayetatizwa na nyakati za Kiingereza namwambia aandike kwanza orodha ya hatua kwa "hu-" pembeni mwa karatasi. Kila penye "hu-" na kutendwa, Kiingereza kinadai is au are na kitenzi cha hali ya tatu.

Angalizo: si kila kitenzi kinatendwa. Majani hunyauka, mchanganyiko hupoa, maji hutiririka. Kwa Kiswahili huweki kiambishi cha kutendwa hapo, basi na Kiingereza hivyo hivyo: the leaves wither, the mixture cools, the water flows. Makosa kama "is happened" na "is consisted of" yanatokana na kutia kutendwa kila mahali kwa hofu. Ukijiuliza kwanza ungesemaje kwa Kiswahili, mengi yanajisahihisha.

Tunaponzwa na mazoea mengine. Simulizi letu linapenda "-ka-": yakachumwa, yakapelekwa, yakapimwa, yakatandazwa. Kwa Kiswahili mfululizo huo ni mtamu na hauchoshi sikio. Ukihamishiwa kwenye Kiingereza unageuka and then, and then, and then, na hapo mnyororo unazidi kuwa mnyororo. Mtu aliyelelewa kwenye "-ka-" akichagua mnyororo anauongezea udhaifu ambao tayari unao. Mafungu yanamkata katikati: baada ya sentensi mbili au tatu fungu limeisha, aya mpya imeanza.

Lingine ni viwakilishi. Ngeli zetu zinamwambia msikilizaji tunazungumzia nini. Ukisema "yanakaushwa kisha inafungwa", anajua kilichokaushwa ni majani na kilichofungwa ni chai. Kiingereza hakina msaada huo. Kina it na they tu. Kwenye mnyororo mrefu, it ya sentensi ya saba inaweza kuwa chai, gunia au mashine, na msahihishaji hatakuwa na subira ya kutafuta. Mafungu yanapunguza tatizo, maana kila fungu linaanza kwa kutaja jina upya: the withered leaves, the dry tea. Jina lenyewe linabeba hatua iliyopita ndani yake, na sentensi mbili zinashikana bila Then.

Pia chunga majina yasiyohesabika: machinery, equipment, fuel, waste. Kwa kawaida hayachukui s. Hili halichagui njia, linawakumba wote.

Mchoro ukitawanyika

Mpaka hapa nimetumia mchoro ulionyooka, ambao mnyororo unaumudu. Mchoro ukigawanyika njia mbili, ulinganisho unabadilika kabisa.

Chukua mkonge wa Tanga. Majani yanakatwa shambani, yanaletwa kwenye mashine iitwayo korona, na korona inayaponda na kuyakwangua. Hapo vitu viwili vinatoka kwa pamoja. Upande mmoja ni nyuzi, ambazo ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Zinaoshwa, zinaanikwa, zinapigwa brashi, zinapangwa kwa madaraja na kufungwa marobota. Upande wa pili ni mabaki, yaani karibu jani zima kwa uzito. Zamani yalikuwa yanatupwa tu. Huko Hale, mkoani Tanga, palijengwa mtambo wa kuyageuza biogesi ya kuzalisha umeme.

Mwandishi wa mnyororo akifika korona anakwama. Afuate nyuzi au mabaki? Akifuata nyuzi mpaka robota, lazima arudi nyuma kwenda kuchukua mabaki, na Then yake ya kurudi itamdanganya msomaji kwamba mabaki yanashughulikiwa baada ya marobota kufungwa. Nimesoma maandishi mengi ya wanafunzi yaliyoharibikia mahali hapo hapo.

Mwandishi wa mafungu anaweka fungu la kwanza mpaka korona, kisha anatangaza njia panda: "At this point the process divides into two." Fungu la pili linakuwa la nyuzi, la tatu la mabaki, na while au meanwhile inaonyesha kwamba mambo hayo mawili yanakwenda sambamba. Kiwanda cha sukari kina umbo linalofanana na hilo. Makapi ya miwa yanarudi kuchomwa kwenye boila ili kutoa mvuke unaoendesha kiwanda kilekile, kwa hiyo mchoro una mkono unaorudi nyuma. Kwa michoro ya namna hii sina ushauri wa pande mbili. Tumia mafungu, hata kama Kiingereza chako ni cha kawaida.

Pale mnyororo unaposhinda

Mwanafunzi wa uhandisi anayeandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo naye anaeleza mchoro wa kiwanda kwa Kiingereza, na wengi hubeba mtindo wa IELTS kwenda nao huko. Huko wanakosea. Msomaji wa ripoti anataka kujua kila hatua kwa mpangilio, mashine gani, ujazo gani, joto gani, na kwa nini. Anaweza hata kutaka hatua zipewe namba. Mnyororo unafaa, tena wenye maelezo marefu, kwa kuwa msomaji atauchungulia hatua moja moja huku akitazama mchoro.

Kwenye IELTS mambo ni kinyume: hutakiwi kuongeza unachokijua. Mtu aliyefanya kazi kiwanda cha saruji anajua kwamba tanuri linafika nyuzi joto 1,450 hivi, kwamba kinachotoka humo ni klinka, na kwamba jasi huongezwa wakati wa kusaga. Mchoro wa mtihani ukionyesha bomba linalozunguka na moto chini yake tu, ataandika bomba linalozunguka na moto chini yake tu. Ujuzi wake haupewi alama hapo, na maneno aliyotumia kuuonyesha yamekula nafasi ya kitu kilichomo kwenye mchoro na ambacho ameruka. Mnyororo, kwa kuwa unakaa na hatua moja kwa wakati mmoja, unawavuta sana watu wa namna hiyo kuanza kufafanua. Kwenye ripoti ni sifa, kwenye mtihani ni hasara.

Mnyororo una faida nyingine ambayo lazima niitaje kwa haki. Ni vigumu kusahau hatua ukiutumia. Anayegawa mafungu kwa pupa anaweza kuacha hatua ndogo iliyo mpakani, kama ile ya kupima majani, kwa sababu haikuonekana kuwa ya fungu lolote.

Muda

Mafungu yanadai dakika tatu au nne za kutazama kabla ya kuandika. Kwa mtu mwenye dakika 20 hizo ni nyingi, na nimeona wanaoogopa kuzitoa. Lakini zinarudi, maana ukishapanga huandiki sentensi ya kufuta. Mnyororo unaanza mara moja, halafu unasimama katikati pale maneno yanapoisha kabla ya 150.

Anayefanya mtihani kwenye kompyuta ana nafuu: idadi ya maneno inaonekana kwenye skrini, na aya inaweza kukatwa au kuhamishwa baada ya kuandikwa. Hata aliyeanza na mnyororo anaweza kuutazama mwishoni, akaukata mahali pawili na kuongeza muhtasari juu. Kwa kalamu, ukishaanza vibaya ni vigumu kugeuka.

Njia yoyote utakayochagua, usivuke dakika 20 kwa tamaa ya kuipendezesha. Swali la pili, lile la insha ya maneno 250, lina uzito mara mbili ya hili, na zote zinaingia kwenye saa moja.

Nani achague ipi

Muuguzi anayetaka kusajiliwa Uingereza anahitaji 6.5 kwenye kuandika, na 7 kwenye stadi nyingine tatu. Kwake 5 kwenye kigezo kimoja ni mzigo wa kuuburuza kwenye vingine vyote. Achague mafungu na ayafanyie mazoezi mpaka kugawa kuwe jambo la dakika mbili. Nasema hivyo hivyo kwa anayeomba nafasi ya shahada ya uzamili kwenye chuo kinachotaka 6.5 au 7.

Anayehitaji 5.5, ambaye bado anapambana na is na are, asijibebeshe once they have been na after which kwa wakati mmoja. Sentensi changamano iliyovunjika inamgharimu kuliko sentensi fupi iliyosimama. Aandike mnyororo wake safi, aondoe nusu ya viunganishi, aukate aya mbili pale hatua zinapobadilika kazi, na juu yake aweke muhtasari wa sentensi moja anaoumudu: "Overall, there are eight steps, beginning with the picking of the leaves and ending with the packing of the tea." Sentensi ya namna hiyo inaingia kwenye mchoro wowote ulionyooka, unabadilisha namba, mwanzo na mwisho.

Mwenye Kiingereza kizuri cha kuzungumza lakini asiyezoea kuandika, na hao ni wengi Nairobi, ajihadhari na mnyororo kuliko mtu yeyote. Ulimi wake mwepesi utamtoa and then, so, after that kwa kasi, andiko litasomeka kama masimulizi ya mdomo, na hatajua alama zilipokwendea. Yeye agawe mafungu hata anapofanya mazoezi ya michoro rahisi.

Kwa mazoezi, chukua mchoro mmoja tu. Andika hatua zake kwa "hu-" kwa Kiswahili, moja kila mstari. Piga mstari wa mlalo kila mahali kazi inapobadilika. Ukipata zaidi ya mafungu matatu umekata mno. Yape mafungu majina kwa Kiingereza, yaweke kwenye sentensi ya muhtasari, kisha ndipo uandike. Ukimaliza, weka kidole kwenye kila it na they na useme kwa sauti inasimama badala ya nini. Penye kigugumizi, rudisha jina.